Hisa za kampuni ndogo ya vinywaji: unanunua nini hasa?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa mengi, ila wahenga hawakuwahi kugombea nafasi ndani ya friji ya duka. Kwenye vinywaji, chema kisichotembezwa hakijiuzi. Juisi tamu kuliko zote nchini itaharibikia stoo kama hakuna gari la kuifikisha Mbagala au Kariobangi, na soda ya kawaida tu itauzika kutwa kwa sababu ndiyo iliyo baridi na ndiyo iliyo karibu na mkono wa mteja.

Naanza hapo kwa sababu kila anayekaribishwa kuweka hela kwenye kampuni ndogo ya vinywaji, iwe kwa kununua hisa sokoni au kwa kuingia ubia na jamaa aliyefungua kiwanda cha juisi, huonjeshwa kwanza. Anapewa chupa, anakunywa, anasifia. Halafu inakuja hesabu ile ile: nchi ina watu zaidi ya milioni 60, kila mtu anakunywa, tukipata asilimia moja tu ya soko tumetoka. Asilimia moja inasikika ndogo. Kuipata maana yake ni kuwa na bidhaa kwenye maelfu ya maduka, kila wiki, bila kukosa, na kukusanya hela zake zote. Kazi yenyewe iko hapo, na mara nyingi haimo kabisa kwenye andiko la biashara unalopewa usome.

Angalia duka la kawaida la mtaani. Friji iliyosimama mlangoni, yenye kioo na rangi ya kampuni toka juu mpaka chini, mara nyingi si mali ya mwenye duka. Imeletwa na kampuni kubwa kwa makubaliano: wewe lipa umeme, sisi tutaleta friji na fundi wa kuitengeneza, ila humo ndani zikae bidhaa zetu. Viti vya plastiki vya baa, miamvuli, rangi ya ukuta, bango lenye jina la grosari, vingi vimetoka huko huko. Mwenye duka hajadanganywa. Friji ni ghali, naye hela yake yote iko kwenye unga na mafuta ya kula. Lakini mtengenezaji mdogo akija na katoni zake tano anaambiwa ziweke hapo chini, kwenye kona, karibu na magunia ya mkaa. Nani atanunua soda ya moto?

Ugomvi wa vitu hivi umewahi kufika mbali. Serengeti Breweries, ilipokuwa bado kampuni changa mbele ya Tanzania Breweries (TBL), ilipeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) mwaka 2009, na sehemu kubwa ya madai yake ilihusu mabango na mikataba ya kupamba baa. Tume iliiona TBL ina hatia na kuitoza faini, TBL ikakata rufaa, mambo yakaendelea kwa wanasheria. Mtu wa nje atashangaa kampuni mbili za bia zinafikishana mbele ya tume kwa sababu ya ukuta wa baa. Anayeuza bia hashangai hata kidogo.

Na usidhani hela peke yake inatoboa. South African Breweries, kampuni iliyokuwa inatawala bia kusini mwa Afrika, ilifungua kiwanda Thika mwaka 1998 kwa jina la Castle Brewing Kenya. Ilikuwa na mtaji, mitambo mipya na bia inayojulikana. Mbele yake ilisimama Tusker na mtandao wa wasambazaji wa Kenya Breweries, kampuni iliyoanza mwaka 1922. Kufika 2002 kiwanda cha Thika kilifungwa. Wakubwa wakakaa mezani wakagawana: East African Breweries (EABL), kampuni mama ya Kenya Breweries, ikachukua asilimia 20 ya TBL, iliyokuwa chini ya South African Breweries, nao South African Breweries wakachukua asilimia 20 ya Kenya Breweries, na kiwanda cha Kibo kule Moshi, kilichokuwa mkono wa EABL upande wa Tanzania, nacho kikaondoka kwenye ushindani. Kama kampuni ya ukubwa ule ilikaa miaka minne na kurudi nyuma, basi mtu anayekuambia atachukua soko la kola kwa mtambo mmoja wa kujazia chupa anahitaji kuulizwa maswali zaidi ya la ladha.

Kuna kizuizi kingine ambacho mnywaji hakioni: kreti. Kwa miongo mingi soda na bia zetu zimeuzwa kwenye chupa za kioo zinazorudi. Duka halipewi kreti jipya bila kurudisha kreti lenye chupa tupu, na asiye na tupu analipia kwanza chupa na kreti lenyewe. Maana yake ni kwamba kampuni ya soda ya chupa inahitaji kumiliki chupa nyingi kuliko soda inayouza, kwa sababu muda wowote kuna chupa kiwandani, chupa kwenye gari, chupa kwa msambazaji, chupa dukani na chupa iliyosahaulika uvunguni mwa kitanda cha mtu. Kampuni kubwa ilishanunua chupa hizo miaka mingi iliyopita. Mpya inaanza na bili ya kioo kabla haijauza hata tone moja.

Chupa ya plastiki iliondoa kizuizi hicho. Hairudi, haihitaji kreti, machinga anaibeba kwenye ndoo ya barafu mpaka dirishani kwa basi. Ndiyo maana sura mpya nyingi za soda, maji na juisi tulizoziona Afrika Mashariki zimekuja kwa plastiki, Azam wakiwemo. Ila hapo tutofautishe. Bakhresa, mwenye Azam, alipoingia kwenye soda hakuwa mdogo wa kuhurumiwa: magari yake yalishakuwa yanapeleka unga na aiskrimu mitaani, na mwenye duka alishamjua dereva. Njia ilikuwepo, kilichoongezeka ni mzigo mwingine juu ya gari lile lile. Asiye na njia, plastiki ilimfungulia mlango yeye pamoja na wenzake mia, na bei ikaanza kushuka kwa wote.

Mfano ninaopenda kuutumia kufundishia jambo hili hauko kwetu, uko Marekani, kwa sababu hesabu za kampuni zilizouzwa kwenye soko la hisa la kule zimewekwa wazi kwa yeyote. Jones Soda ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1987. Mwanzilishi wake, Peter van Stolk, alianza kwa kusambaza vinywaji vya watu wengine, na katikati ya miaka ya 1990 akatoa soda yake mwenyewe. Baadaye kampuni ikahamia Seattle. Rafu za supamaketi zilikuwa za Coca-Cola na Pepsi, naye hakuwa na ubavu wa kuzigombea. Akapeleka friji zake mahali ambapo hakuna aliyekuwa anawaza soda: maduka ya vibao vya kuteleza kwenye theluji na mawimbi, maduka ya muziki, vyumba vya kuchora tatuu. Chupa za kioo zenye rangi kali zilibandikwa picha zilizotumwa na wateja wenyewe. Mwaka 2003 wakatoa soda yenye ladha ya bata mzinga na mchuzi wake, kwa ajili ya sikukuu ya Shukrani. Sijasoma popote mtu akisifia utamu wake, lakini ilimalizika upesi na magazeti yakaitangaza bure.

Hapo kampuni ilikuwa na akili sana. Ilishindana mahali ambapo mkubwa hakuwepo, na iliuza kwa bei ya juu kwa sababu mteja alikuwa ananunua picha, rangi na utani pamoja na soda. Mauzo ya mwaka 2006 yalikaribia dola milioni 39, na faida ilikuwepo. Habari zikasambaa kwamba soda hii sasa inaingia kwenye supamaketi kubwa, na wanunuzi wa hisa wakapagawa. Aprili 2007 hisa moja ilifika karibu dola 30. Kampuni ilikuwa na hisa karibu milioni 26. Zidisha mwenyewe: unapata zaidi ya dola milioni 750, yaani karibu mara 20 ya mauzo ya mwaka mzima. Ya mauzo, si ya faida. Kwa bei ile haikutosha soda kufanya vizuri. Ilipaswa kukua mara kadhaa, haraka, bila kujikwaa.

Ilijikwaa. Kuingia supamaketi kulimaanisha kuacha chupa ya kioo na kutoa makopo, kwa sababu rafu ile ni ya makopo kumi na mbili kwa pakiti. Kwenye rafu ile mteja hachagui picha, anaangalia bei, na pembeni kuna Coca-Cola na Pepsi zinazopunguza bei wiki moja baada ya nyingine kwa zamu. Ili usiondolewe unalipia matangazo, unalipia punguzo, unalipia nafasi. Mwaka 2007 mauzo ya Jones karibu hayakusogea, yalibaki pale pale kwenye milioni 39 na ushee, ila matumizi yalipaa na kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 11. Mwisho wa mwaka ule van Stolk aliachia ukurugenzi. Mwaka uliofuata hasara ikazidi, na kabla 2008 haijaisha hisa ilikuwa inauzwa chini ya dola moja. Soda ilikuwa ile ile, tena walikuwa wameiboresha kwa kuacha sirapu ya mahindi na kutumia sukari ya miwa.

Kilichofuata ndicho wanahisa wadogo wanachokisahau. Kampuni inayopata hasara lazima ipate hela mahali, na isiyokopesheka inauza hisa mpya. Ukiwa na hisa 10,000 kati ya milioni moja, una asilimia moja. Kampuni ikitoa hisa milioni nyingine wewe usinunue, unabaki na nusu ya asilimia, hata kama hujauza hisa hata moja. Hisa za Jones ziliongezeka zaidi ya mara tatu kati ya 2008 na 2022. Kwa hiyo hata mtu aliyesema nitashikilia mpaka kampuni irudi ilipokuwa, sehemu yake ya kampuni ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka mikononi mwake.

Sasa weka pembeni yake Hansen, kampuni ya California iliyoanza miaka ya 1930 kwa familia moja kuuza juisi kwenye studio za filamu. Ilishafilisika mara moja kabla ya Rodney Sacks na Hilton Schlosberg, wawili waliohamia kutoka Afrika Kusini, kuinunua mwaka 1992 kwa dola milioni 14.5. Kwa miaka kumi ilikuwa kampuni ndogo ya soda za asili, isiyo na makuu. Mwaka 2002 wakatoa Monster, kinywaji cha kuongeza nguvu. Red Bull ilikuwa imeshafundisha Wamarekani kulipa bei kubwa kwa kikopo cha mililita 250, nao wakatoa kopo la mililita 473 kwa bei isiyopishana sana. Wakaliweka madukani kwenye vituo vya mafuta, ambako mtu anashuka kwenye gari, anachukua kopo moja baridi, analipa bila kupiga hesabu.

Hatua iliyoitofautisha kabisa na Jones ni gari. Mwaka 2006 Hansen iliingia mkataba na Anheuser-Busch ili wasambazaji wa bia ya Budweiser wabebe Monster, na mwaka 2008 ikaingia mkataba mwingine na Coca-Cola wenyewe. Badala ya kujenga mtandao, ilipanda kwenye mtandao uliopo, kwa bidhaa ambayo faida yake kwa kopo ilimfanya msambazaji aitake. Hisa zake zikawa miongoni mwa zilizopanda zaidi Marekani katika miaka ile. Mwaka 2015 Coca-Cola ilikamilisha kununua asilimia 16.7 ya kampuni kwa dola zaidi ya bilioni 2, na katika mapatano hayo zile soda za Hansen, kinywaji kilichoipa kampuni jina lake la kwanza, zikakabidhiwa kwa Coca-Cola.

Mimi husoma hadithi hizi mbili pamoja, kwa sababu ukisoma ya Monster peke yake utatoka unatafuta Monster inayofuata, na makaburi ya walioitafuta ni mengi. Mwaka 2007 kampuni zote mbili zilionekana kwa mbali kama kitu kimoja: kinywaji cha vijana, wauzaji wabishi, hisa inayopaa. Aliyetazama njia ya kufika dukani aliona tofauti mapema.

Lakini kupanda gari la mkubwa nako kuna gharama zake. Celsius, kampuni nyingine ya vinywaji vya kuongeza nguvu, ilipata mwaka 2022 dola milioni 550 kutoka PepsiCo pamoja na magari yake yote. Mauzo yakaruka. Mwaka 2024 PepsiCo ikagundua ina mzigo mwingi kwenye maghala, ikapunguza oda, na hisa ya Celsius ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kutoka kilele cha mwaka huo huo. Wanywaji hawakuwa wameacha kunywa. Mteja halisi wa kampuni, yule anayelipa ankara, alikuwa hasa mmoja, na alipopumzika kununua, kampuni nzima ilitikisika. Ukisoma hesabu za kampuni ndogo, tafuta mstari unaosema mteja mkubwa anachangia asilimia ngapi ya mauzo. Kwetu mstari huo unaweza kuwa supamaketi moja, au msambazaji mmoja wa Arusha anayechukua nusu ya uzalishaji na kulipa anapojisikia.

Kulipa anapojisikia ndiko kunakoua kampuni nyingi zaidi kuliko ushindani. Tufanye hesabu ya kufikirika. Kiwanda cha juisi kinauza katoni 10,000 kwa mwezi, kila moja shilingi 6,000. Gharama ya katoni ni 4,800: sukari, chupa, kizibo, lebo, rojo ya matunda, na vyote vinalipiwa taslimu siku 15 kabla ya juisi kutoka. Wanunuzi wanalipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Hela ya kila katoni inakaa nje siku 75, yaani miezi miwili na nusu. Zidisha 10,000 kwa 4,800 kwa 2.5: milioni 120 ziko barabarani muda wote. Kila mwezi kiwanda kinabakiwa na milioni 12 kabla ya mishahara, mafuta ya gari, umeme na riba.

Sasa habari njema: oda zimeongezeka mara mbili. Kila mtu kiwandani anashangilia. Lakini hela ya barabarani nayo inatakiwa iwe milioni 240, na hizo 120 za nyongeza ni sawa na ile ziada ya miezi kumi, iliyopatikana kabla hata ya kulipa mishahara. Hazipo. Mwenye kiwanda anakwenda benki, au anachelewesha muuza sukari, au anakuja kwako na ofa ya hisa kwa bei nzuri. Ofa hiyo inaweza kuwa ya halali kabisa. Cha kujua ni kwamba hela yako haiendi kununua mtambo wenye kelele utakaoonyeshwa siku ya ziara. Inakwenda kukaa kwenye ankara za watu ambazo hazijalipwa.

Mkubwa hayuko hivyo. Wasambazaji wake wengi wanalipa kabla ya kupakia, kwa sababu bila bidhaa yake duka halina wateja, wakati yeye muuza chupa anamsubiri siku 60 au 90. Anaendesha biashara kwa hela za wengine. Mdogo anaendesha biashara ya wengine kwa hela zake.

Juu ya hapo kuna serikali. Ushuru wa bidhaa hauangalii kama duka limekulipa. Unadaiwa mzigo unapotoka kiwandani. Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliwataka watengeneza pombe kulipa ushuru ndani ya saa 24 baada ya mzigo kutoka stoo. Mwisho wa 2024 muda ukaongezwa kuwa siku tano za kazi. Kwa kampuni inayolipwa kabla ya kupakia, saa 24 ni usumbufu. Kwa inayolipwa baada ya miezi miwili, ni mkopo wa kudumu inaoipa serikali. Kuna na stempu za ushuru zinazobandikwa kwenye chupa: Tanzania ilianza stempu za kielektroniki mwaka 2019, na Kenya mwaka huo huo ikaziweka hata kwenye maji, soda na juisi. Gharama ya stempu kwa chupa ni ndogo, ila mwenye chupa milioni na mwenye chupa elfu hawaisikii sawasawa.

Keroche ya Naivasha ni somo zima la upande huu. Tabitha Karanja na mumewe waliianza mwaka 1997 kwa mvinyo wa bei nafuu, mwaka 2008 wakatoa bia ya Summit kumkabili EABL uso kwa uso, na mwaka 2015 wakazindua upanuzi uliotarajiwa kufikisha uwezo wa lita milioni 110 kwa mwaka. Ujasiri ule uliwapa heshima kubwa, na mimi naamini waliustahili. Lakini kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa mkopo kinahitaji kuuza karibu na uwezo wake ili kulipa riba, na uwezo wa mtambo hauamui baa ngapi zitaweka Summit kwenye friji. Wakati huo huo kesi za kodi na Mamlaka ya Mapato Kenya zilikuwa zinakua. Machi 2020 baraza la rufaa za kodi liliamua kampuni inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 9 za Kenya, na mwaka 2022 mamlaka ikafunga kiwanda kwa muda kwa sababu ya malimbikizo, huku bia ikiwa bado kwenye matangi. Upande gani ulikuwa na haki kwenye kila shilingi, hilo ni la wanasheria. Mwekezaji anatazama jambo moja: je, kuna kesi ya kodi ambayo ukubwa wake unazidi mtaji wa kampuni? Kama ipo, umenunua tiketi ya kesi, na bia imekuja kama nyongeza.

Basi mtu afanye nini kabla ya kutoa hela? Mimi ningeanza barabarani kabla ya kufungua vitabu. Ingia maduka ishirini ya mitaa tofauti, mbali na kiwanda, na uliza kinywaji hicho bila kujieleza. Kipo? Kina ubaridi? Kiko ndani ya friji ya nani? Kisha geuza chupa usome tarehe ya kutengenezwa. Chupa ya wiki mbili zilizopita inakuambia mzigo unatembea. Chupa ya miezi saba, yenye vumbi begani, inakuambia kwamba kilichoandikwa vitabuni kama mauzo kilikuwa kuhamisha mzigo kutoka stoo ya kiwanda kwenda rafu ya duka, na siku yoyote kitarudi. Muulize mwenye duka anapata faida kiasi gani kwa chupa moja, na nani anambadilishia zilizoharibika. Atakujibu, watu wa duka hawana siri kwenye hilo.

Vitabuni, tafuta hela iliyoingia benki kutokana na biashara, tofauti na faida iliyoandikwa. Kampuni inaweza kuonyesha faida miaka mitatu mfululizo na benki iwe nyeupe. Angalia kama hela ambazo wanunuzi hawajalipa zinakua kwa kasi kuliko mauzo au la. Angalia sukari inanunuliwa wapi na kwa bei gani, maana bei ya sukari kwetu ikiruka, mkubwa ana akiba na mkataba, mdogo ananunua kwa jumla Kariakoo kama wewe na mimi.

Limebaki swali ambalo watu huliuliza mwisho, na mimi ningeliuliza mwanzo: nitatokaje? Kampuni ndogo za vinywaji zinazofanikiwa huwa mara nyingi zinaishia kununuliwa na mkubwa. Serengeti ni mfano wetu: mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51, kampuni iliyokuwa inalalamikia mkubwa mmoja ikawa mkono wa mkubwa mwingine. Honest Tea ya Maryland, iliyoanza 1998, iliuza asilimia 40 kwa Coca-Cola mwaka 2008 kwa dola milioni 43, ikamalizia kuuza iliyobaki mwaka 2011. Mwaka 2022 Coca-Cola ikaifuta chai hiyo sokoni. Mashabiki walilia, ila waliowekeza walishalipwa zamani. Ukiwekeza, kubali kwamba mwisho mzuri kwa mfuko wako unaweza kuwa mwisho wa kinywaji chenyewe.

Kuna kichekesho ndani ya hadithi ya Serengeti. Ili kuinunua, EABL ililazimika kuachia ile asilimia 20 yake ya TBL, na mwaka 2011 ikaziuza hisa hizo kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa shilingi 2,060 kila moja. Kufika mwishoni mwa 2014 bei ilishavuka shilingi 10,000. Wananchi waliotaka kuonja faida ya bia mwaka ule hawakuhitaji kumtafuta mdogo mwenye njaa ya kumpiku mkubwa. Mkubwa mwenyewe alikuwa anauzwa kaunta. Lakini hata hisa za mkubwa hazikuwa rahisi kuziuza ukitaka kutoka: baadaye bei ilikaa kwenye 10,900 kwa muda mrefu bila kutikisika, kwa sababu hisa zilizobaki mikononi mwa watu zilikuwa chache na wanaozinunua au kuziuza walikuwa wachache zaidi. Bei kwenye ubao na bei utakayopata ukitaka ada ya shule kesho ni vitu viwili.

Kwa kampuni isiyo sokoni ugumu ni mkubwa zaidi, na dawa yake iko kwenye mkataba wa wanahisa. Mwenye hisa nyingi akipata mnunuzi mkubwa anaweza kuuza zake peke yake, akaondoka, akakuacha wewe na asilimia zako sita chini ya bosi mpya asiyekujua na asiye na mpango wa kutoa gawio. Kipengele kinachozuia hilo ni cha mistari miwili: mwenye hisa nyingi akiuza, mnunuzi alazimike kuwachukua na wadogo kwa bei ile ile kwa kila hisa. Kingine kinahusu hisa mpya: zikitolewa, waliopo wapewe nafasi ya kwanza ya kununua kulingana na walichonacho, ili sehemu yako isipungue bila wewe kuamua. Wakili anayejua sheria ya makampuni ataviandika kwa siku moja. Kabla hela haijatoka, mwenye kampuni atavikubali bila kelele nyingi kwa sababu anaihitaji. Ikishatoka, hana sababu.